Mgongo Ulioziba Redio

Mume wangu halali mchana. Naanza na hilo kwa sababu ndilo walilombishia, na mimi mtu akinibishia jambo ninalolijua kuliko yeye, sina simile. Nimeishi naye tangu hatuna hata kitanda. Mchana hajawahi kulala, hata akiwa na homa. Ukimwona kafumba macho saa za mchana, ujue anapiga chafya.

Ni mlinzi. Analinda geti la nyuma kwenye maghala ya nafaka na saruji, kule malori yanakojipanga kungoja mzigo. Makuli wanaopakia magunia wamembandika jina la Gunia kwa sababu ya mwili wake, na jina lenyewe halimuudhi. "Gunia tupu halisimami," huwajibu, "na mimi mnaniona nimesimama." Mwili anao kweli, sitaki kusema uongo. Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani kwangu, na tepu yangu ikimzunguka kiunoni inaishia njiani. Sare ya kazini walimpa ya saizi yao, ikabidi niipanue kwa kipande cha suruali kuukuu.

Zamani naye alikuwa kuli. Kiuno kikamsumbua, akaomba kazi ya kusimama. Watu hudhani kusimama ni starehe. Hebu simama wewe, jua la utosi, mvua ya kichwa, halafu uje tuongee. Siku ya kwanza msimamizi alimpa agizo moja tu: uso barabarani, mgongo kwenye maghala. "Mwizi hatoki ofisini," alimwambia, "mwizi anatoka nje." Basi mume wangu akageuza uso barabarani na hajaugeuza tena mpaka leo. Mwenzake wanayepokezana naye zamu, mwembamba mmoja wanamwita Njiti, yeye huketi juu ya kreti akiwatazama makuli na kupiga soga nao, barabara kaipa kisogo. Mwizi akitaka anaweza kuling'oa geti lenyewe akaondoka nalo begani, Njiti atakuwa wa mwisho kupata habari.

Nyumbani tunaishi na mama mkwe, na mama mkwe anaishi na redio yake. Ni ya betri, iko juu ya kabati ikitazamana na dirisha, antena yake ilivunjika katikati tukaiunga kwa waya. Taarifa ya habari, matangazo ya vifo, bei za mazao, vyote anavitaka, na kelele hataki. Adui yake mkubwa ni mwanawe mwenyewe. Mume wangu akisimama tu kati ya dirisha na kabati, mtangazaji anazama, inabaki sauti ya mchanga kwenye ungo.

"Wewe! Umekaa juu ya taarifa ya habari!" mama mkwe hupiga kelele. "Ondoka hapo!"

Lakini akiushika ule waya kwa vidole, mtangazaji anaibuka safi. Hapo mama hubadilika, anakuwa mpole. "Ee, hapo hapo, baba. Usitikisike." Na jitu zima linasimama limeshika waya mpaka marehemu wa mwisho atangazwe. Kuna siku chakula kilipoa, mtoto wetu akapanda kiti akawa anamlisha baba yake kwa kijiko. Tulicheka tu, hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Huko kazini walikuwa wakiitana kwa filimbi. Kisha uongozi ukaleta redio za upepo, zile ndogo za mkononi zenye kiantena kifupi cha mpira. Kila mlinzi akapewa yake aichomeke kwenye mkanda. Mume wangu ubavu wa kulia ana rungu, wa kushoto ana tochi, kwa hiyo redio akaichomeka mbele, chini ya tumbo, mkono unapofika haraka. Hakuna aliyemwambia vinginevyo. Mbele kabisa, kwenye ofisi, kuna chumba cha mawasiliano, na humo anakaa mwanamke mmoja mwenye sauti kavu wanayemwita Dada wa Redio. Yeye huita, "Geti la nyuma, unanipata?" na mlinzi hujibu, "Nimekupata." Kazi ndiyo hiyo, mtoto mdogo anaiweza.

Mume wangu akawa haiwezi. Dada anaita, kimya. Anaita tena, kimya. Msimamizi anakuja mbiombio mpaka geti la nyuma, mume wangu anasikia viatu, anageuka.

"Mbona hujibu?"

"Sijaitwa, bosi."

Papo hapo redio inaita, tena inaita kwa sauti ya kutoboa masikio.

"Na hiyo ni nini? Jogoo?"

Ikatokea mara ya kwanza, ikatokea tena. Wakamleta fundi wa mawasiliano, kijana aliyesomea mambo hayo. Akaichomoa redio kwenye mkanda, akaiinua, akaita, ikaitika. Akabadilisha betri, ikaitika. Wakampa Njiti aishike siku nzima. Njiti akajibu kila alipoitwa, na mara nyingine akajibu hata asipoitwa, maana mdomo wake haujui likizo. Basi ukishaiondoa redio kwenye lawama, anabaki mtu. Msimamizi akasema kwenye paredi ya asubuhi, mbele ya walinzi wote, kwamba pale kuna mtu analala amesimama kama punda.

Siku hiyo alirudi hana hamu ya kitu. Akatueleza. Mama mkwe akatikisa kichwa.

"Ni mwili wako huo, mwanangu. Unakula sauti. Hata hapa unanilia redio yangu kila siku."

Mimi nikalidaka hilo neno kama kuku aliyeona mdudu. Kumbe! Basi kama mwili ndio unaokula sauti, dawa si kuupunguza mwili? Nikaanza kumpunguzia chakula. Nilipokuwa nikipakua kwa upawa nikapakua kwa kijiko. Anaitazama sahani, ananitazama mimi.

"Mama Watoto, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Unatibiwa."

Mama mkwe, aliyeleta wazo lenyewe, ndiye aliyegeuka kuwa mhujumu. Nilimkuta akimfichia mwanawe vyakula nyuma ya redio, tukazozana siku nzima. Hata hivyo mwili ulipungua. Sare niliyoipanua nikaibana. Nikajisifu kwa wateja wangu kwamba nimemtibu mume wangu maradhi ambayo hayana hata jina.

Redio haikujali. Ndipo likaja la lori. Mchana mmoja malori yalikuwa yanatoka kwa mfululizo, geti liko wazi, mume wangu amesimama pembeni, uso barabarani kama kawaida. Kule ofisini wakagundua kwamba lori moja limepakia mzigo wa mtu mwingine. Dada wa Redio akaita geti la nyuma amzuie dereva. Akaita na kuita. Lori likapita mbele ya pua ya mume wangu, likaenda zake. Walilikimbiza wakalikuta mbali, likarudishwa, mzigo haukupotea. Lakini mwenye mzigo alifoka mpaka mabati yakatetema.

Msimamizi akamweka mume wangu kitako. Akamwambia, "Mimi sitaki maneno mengi. Ama ulilala, ama uliisikia amri ukamwachia dereva kwa makusudi. Usingizi ni kosa. Hilo la pili ni polisi. Chagua." Akampa mpaka Jumatatu. Kwenye paredi asimame mbele ya wenzake aseme, "Nililala lindoni, naomba radhi," abaki na kazi yake. La sivyo avue sare. Na mlinzi aliyefukuzwa kwa usingizi hapati lindo jingine popote, kwa sababu walinzi wanajuana, na wasimamizi wanajuana zaidi.

"Utasema hivyo?" nilimuuliza.

Akasema jambo lililoniuma kuliko yote. "Labda kweli nalala. Labda nalala macho wazi. Mtu atajuaje?"

"Thubutu!" nikamwambia. "Mimi ndiye najua!"

Kesho yake asubuhi anaoga, nami niko nje naanika nguo, nikamsikia kule bafuni katikati ya maji akijifunza lile neno. "Nililala lindoni, naomba radhi." Anarudia, mara kwa sauti ya chini, mara ya juu kidogo. Mwanamume ambaye hajawahi kusema uongo hata kwa mwenye nyumba. Nililia, sifichi. Kisha nikakasirika, nikaketi kwenye cherehani nikashona mkono wa gauni la mteja nje ndani.

Jumamosi kabla ya zamu yake ya mchana, mama mkwe alikuwa kwenye matangazo yake. Mume wangu akasimama njiani, mtangazaji akazama.

"Ondoka!"

Akaondoka, lakini badala ya kutoka chumbani akazunguka, akaenda kuegemea ukuta nyuma ya kabati. Mtangazaji akarudi. Nikaacha sindano hewani. Maana pale ukutani alikuwa karibu na redio kuliko mwanzo, karibu kiasi cha kuipumulia. Mwili ni ule ule. Nilioupunguza mimi, haya, lakini ni ule ule.

"Hebu rudi pale dirishani," nikamwambia. Sauti ikazama. "Nenda ukutani." Ikarudi. "Dirishani." Ikazama.

"Mmerogwa nyinyi?" mama mkwe akauliza. "Kuna mtu amefariki hapa na mimi sijasikia ni nani!"

Sikumjibu. Kumbe tatizo halikuwa ukubwa. Tatizo ni upande aliosimama. Nikamuuliza, "Kazini redio unaiweka wapi?" Akajigusa chini ya tumbo. "Na unaangalia wapi?" Barabarani. "Na ofisi iko wapi?"

Akafikiri. "Mgongoni kwangu," akasema.

Nikajitupia mtandio, nikamwambia leo twende wote. Akanisihi nisiende kumtia aibu. Nikamwambia aibu imeshatiwa, sasa tunaitoa.

Bahati yetu yule fundi alikuwepo, anachaji betri. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, lakini kijana wa watu hakuniletea dharau. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu.

"Mimi niliipima mkononi," akasema. "Kila mara niliishika mkononi. Sikuwahi kuipima ikiwa kwenye mkanda wake." Akaenda kumwomba Dada wa Redio aite geti la nyuma bila kunyamaza, kisha tukaenda huko nyuma.

Mume wangu akasimama kama anavyosimama siku zote, redio chini ya tumbo, uso barabarani. Tukasikiliza. Hamna kitu. Lori likapita, kuku akapita, redio kimya kama jiwe.

"Geuka, mzee wangu," fundi akamwambia. "Taratibu."

Akaanza kugeuka. Alipofika nusu, redio ikakwaruza. Alipomalizia, uso umeelekea ofisini, sauti ikalipuka tumboni pake: "...la nyuma, geti la nyuma, unanipata? Jamani, huyu mtu yuko wapi?" Makuli wakapiga mayowe. Akageuzwa barabarani, sauti ikafa. Akarudishwa, ikafufuka. Walimgeuza mpaka akaona kizunguzungu.

Kisha fundi akamwita Njiti, akamchomekea redio tumboni, akamwambia aangalie barabara. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza Njiti kuiona barabara hiyo. Dada akaita. Na kwa Njiti, mwembamba vile, pia hamna kitu!

Nikamtazama mume wangu. Naye akanitazama.

"Chakula changu," akasema.

Fundi akatueleza. Mwili wa mtu ni maji yenye chumvi, na sauti ya redio inayopita hewani ikikutana na maji ya chumvi, nyingi inanyonywa humo humo. Kule geti la nyuma sauti inafika imeshachoka, imepita maghala ya mabati yote yale. Kile kidogo kinachobaki kinagonga mgongo wa mlinzi, na kiantena kimejificha upande wa pili kimebanwa tumboni. Nikamuuliza mbona nyumbani akishika waya redio inaongea vizuri. Akasema pale anapoushika, mwili unaungana na waya, unakuwa sehemu ya antena. Asiposhika, akisimama njiani tu, anakuwa ukuta.

Nikaelewa, na nilipoelewa damu ikanichemka upya. Maana yake ni nini? Maana yake Njiti, anayeipa barabara kisogo, ndiye aliyesikia kila wito, akasifiwa. Na wangu alikosa wito kwa sababu alikuwa akilinda! Kila alipofanya kazi kama alivyoagizwa, alionekana amelala. Angekuwa mvivu wangempa cheti.

Msimamizi akaja kuona kelele ni za nini. Akaonyeshwa, mume wangu akageuzwa tena. Dada wa Redio naye akatoka chumbani kwake, akaja mpaka kwenye kona ya ghala, kumbe ni mwanamke mfupi mwenye miwani. Akamwangalia mume wangu akigeuzwa huku na huku, hakusema lolote, akarudi zake. Nikamwona hana utu.

"Aa, kumbe," msimamizi akasema. "Basi Jumatatu tunahamishia redio zote begani. Yameisha."

"Yameisha vipi?" nikauliza. "Ulimwita punda mbele za watu."

"Mama, kazi si anayo? Hata radhi hatoomba tena. Unataka nini zaidi?"

"Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni! Ulisema mbele ya watu, futa mbele ya watu!"

Akatazama saa yake, akaondoka. Nilitaka kumfuata, mume wangu akanishika mkono. Akaniambia nisimkosee mkuu wake, kazi imepona, turidhike. Lakini makuli walipokuwa wanatawanyika, mmoja akampigia kelele, "Gunia, usilale tena!" Alitania tu, hakuwa na nia mbaya. Nikauona uso wa mume wangu, nikajua sifa hiyo ya usingizi atazikwa nayo.

Jumatatu nilikwenda. Hakuna aliyenialika, nilisimama nje ya uzio wa waya kama mtu anayengoja lori. Walinzi wamejipanga uwanjani mbele ya ofisi, kila mmoja redio begani. Msimamizi akasema kuanzia leo redio ni begani, ni agizo la fundi. Akasema viatu visafishwe. Akasema habari ya funguo. Nangoja neno, neno haliji. Mume wangu amesimama wa mwisho kwenye mstari, macho chini.

"Kuna swali?" msimamizi akauliza. "Hakuna. Tawanyikeni."

Hawajainua mguu, mabega yote yakaongea kwa pamoja.

"Vituo vyote, vituo vyote. Hapa mawasiliano."

Ilikuwa ile sauti kavu. Wakasimama walipokuwa.

"Mlinzi wa geti la nyuma hakulala. Siku zote nilizosema hajibu, sauti yangu ilikuwa haimfikii. Niliyemripoti ni mimi, na ninayefuta ni mimi. Alikuwa kazini, anaangalia alikoagizwa aangalie. Kila kituo kithibitishe."

Na wito wa vituo vyote una sheria yake: kila mwenye redio lazima ajibu, awe nani. Dada akaanza kuita. Geti la mbele, nimekupata. Mizani, nimekupata. Maghala, nimekupata. Njiti akajibu kwa sauti kubwa kuliko wote, Mungu amjalie.

"Msimamizi?"

Kimya.

"Msimamizi, unanipata?"

Alikuwa amesimama uso kwa uso na dirisha la ofisi, redio begani. Hapakuwa na mgongo wa kusingizia. Walinzi wote wakamgeukia. Akabonyeza.

"Nimekupata," akasema.

"Geti la nyuma?"

Nikamwona mume wangu anainua mkono, kidole gumba kinabonyeza. Neno halikutoka. Redio za uwanja mzima zikavuma pumzi zake, zinapanda zinashuka, na mabega yake yanatikisika, yale mabega niliyoyabania sare. Nikaukamata waya wa uzio kwa mikono miwili. Nilitaka kupiga kelele, jibu, mwanamume, jibu!

Dada wa Redio hakumwita mara ya pili. Alisubiri kidogo, zile pumzi zikiendelea kuvuma, kisha akasema, "Nimekupata, geti la nyuma."